Fielder ya 2015 kuendelea: dalili, chanzo, na pa kuanzia kabla hujanunua spea

Mtu akija gereji akaniambia "nina Fielder, inasumbua", namuuliza kwanza: Fielder ipi? Wengi hushangaa. Kwao Fielder ni Fielder. Na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Toyota Corolla Fielder ya kizazi cha E160 ilitoka Japani Mei 2012. Toleo la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, likafuata Agosti 2013. Aprili 2015 Toyota wakaifanyia marekebisho ya kati, na Oktoba 2017 wakaigusa tena. Ukiitazama kwa nje utaona bampa, grili na taa za mbele zimebadilika, basi. Lakini mabadiliko yenye uzito yako usikoona: injini mpya yenye mfumo wa kujizima ukisimama kwenye gari la kawaida la 1.5, na kamera ya usalama nyuma ya kioo cha mbele. Fundi anayeishika kama ile ya 2012 atabadilisha vitu vizima na kuacha kibovu.

Kwa hiyo kabla ya lolote, toa logibuku usome mwanzo wa namba ya chasisi. NZE161 ni 1.5 yenye injini ya 1NZ-FE tuliyoizoea miaka yote. NZE164 ni injini hiyohiyo, ila magurudumu yote manne yanavuta. NRE161 ni ile iliyoingia 2015, injini ya 2NR-FKE. NKE165 ni haibridi. ZRE162 ni ya 1.8. Herufi hizo ziandike kwenye simu yako. Zitakusaidia dukani kuliko picha ya gari.

Injini haijizimi tena ukisimama kwenye taa, au taa yake inawakawaka

Hii ni hasa ya NRE161, na ndiyo lalamiko ninaloletewa kuliko yote. Nusu ya wanaolileta, gari lao ni zima.

Anza na yasiyo na gharama. Mfumo huu hukataa kuzima injini kama injini bado ni baridi, kama eisi inafanya kazi kubwa ya kupoza, kama dereva hajafunga mkanda, au kama boneti haijafunga sawasawa. Mombasa mwezi wa Februari, saa nane mchana, eisi imefika mwisho: usitarajie ijizime. Jaribu asubuhi, eisi imezimwa, baada ya kuendesha robo saa. Ikijizima, rudi nyumbani, huna ugonjwa.

Isipojizima hata hapo, sababu ya kwanza ni betri. Gari hili lilitoka kiwandani na betri ya kazi maalumu, inayostahimili kuwashwa mara nyingi kwa siku. Utaitambua kwa maandishi yake: herufi, kistari, namba, kama M-42, N-55 au Q-85. Betri ya kawaida huandikwa kwa mtindo mwingine, mfano 46B24L. Inayofika na gari kutoka Japani mara nyingi imechoka, mwenye gari ananunua ya kawaida kwa sababu ni rahisi, na baada ya miezi michache mfumo unagoma. Betri ya kawaida itawasha gari vizuri tu. Ila kama umeiweka, zima mfumo kwa kitufe chake kila unapowasha gari, la sivyo utainunua tena mapema.

Pima mwenyewe kwa mita ndogo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imeisha, au kuna kitu kinaivuta usiku.

Na hapa nina neno kwa mafundi wenzangu. Altaneta ya gari hili haichaji kwa nguvu muda wote. Kompyuta huipunguza makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukikuta volti 12.8 injini ikinguruma usikimbilie kusema altaneta imekufa. Washa taa kubwa na feni ya eisi, kisha pima tena. Ikipanda kuelekea 14, ni nzima. Nimeona altaneta tatu nzima zikitolewa kwenye magari kwa kosa hili, na moja niliitoa mimi.

Kama betri ni mpya na ya aina sahihi lakini mfumo bado umelala, endesha gari kwa muda, kwa sababu baada ya betri kuchomolewa kompyuta huhitaji kuisoma upya. Ikishindikana, hesabu ya matumizi ya betri ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu, na fundi mwenye kompyuta inayosoma Toyota atairudisha sifuri. Swichi ya boneti huja baadaye kabisa, hasa kwa gari lililowahi kugongwa mbele.

Tahadhari moja: injini ikiwa imejizima yenyewe usifungue boneti kuchungulia. Zima gari kabisa kwanza. Inaweza kuwaka mkono wako ukiwa kwenye mkanda wa feni.

Gari linatetemeka ukiwa umesimama

Kanyaga breki, gia iwe D. Sikiliza. Kisha weka N.

Mtetemo ukiisha kwenye N, tazama engine mauntingi, vile vishikio vya injini. Raba zake hupasuka, na kwa gari lenye miaka minane au kumi hiyo ni kawaida. Mwambie mtu akae ndani, abadilishe D na R huku amekanyaga breki, nawe ukitazama kwa mbali: injini ikiruka sana, mauntingi imekwisha. Gari la mtumba likianza kutetemeka watu hukimbilia plagi. Nawaambia waangalie raba kwanza.

Mtetemo ukibaki hata kwenye N, injini yenyewe inamisi, yaani kuna silinda isiyoungua sawasawa. Kwa mpangilio wa ninavyokutana nazo:

1. Plagi zilizochakaa au zilizobadilishwa kwa namba isiyo yake. Injini ya 2NR-FKE ina mgandamizo wa 13.5 kwa 1, mkubwa kuliko wa 1NZ, na plagi za 1NZ si zake hata zikiingia kwenye uzi.
2. Koili, inayoipa plagi umeme wa cheche. Kama kompyuta inasema P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, futa kosa, endesha. Kosa likigeuka P0302, koili ndiyo. Likibaki palepale, usinunue koili.
3. Throto chafu, ule mlango wa hewa ya injini. Isafishe kwa dawa yake na kitambaa laini, swichi ikiwa imezimwa. Usisukume kile kibati cha ndani kwa kidole, kina mota, na meno yake hayapendi kulazimishwa.
4. Kwa NRE161, njia ya EGR kujaa masizi. Injini hii hurudisha sehemu ya moshi ndani ili kuokoa mafuta, na gari la safari fupifupi za mjini hukusanya masizi mengi. Hii ni kazi ya gereji, si ya barazani.

Mafuta mabaya nayo yamo. Kama tatizo lilianza siku hiyohiyo uliyojaza kwenye kituo usichokizoea, umeshapata jibu.

Taa ya injini ikiwaka tu, unaweza kufika kwa fundi pole pole. Ikiwa inawakawaka, simama. Maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega ya kusafisha moshi, na masega ni ghali kuliko koili zote nne.

Linasita kuondoka, linatetemeka kwenye mwendo mdogo, au giaboksi inalia

Giaboksi ya Fielder otomatiki ya kawaida ni CVT. Haina gia za kubadilishana. Ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na uhai wake wote ni oili. Toyota wanataka CVT Fluid FE. Haidroliki nyekundu ya otomatiki za zamani si oili yake, hata muuzaji akikuapia. Magari mengi yanayokuja kwangu yakitetemeka wakati wa kuondoka yamejazwa oili isiyo yake, au yamejazwa nusu kwa sababu fundi alipima ikiwa baridi. Kiwango hupimwa giaboksi ikiwa na joto lililotajwa kwenye kitabu, si kwa kukisia.

Kabla ya kulaumu giaboksi, fanya jaribio la mlio. Kama unapanda na mwendo, kwenye barabara tupu yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Mlio ukibadilika, ni beringi ya gurudumu, na umeokoa pesa nyingi. Usipobadilika kwa kuyumba ila unabadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, hapo giaboksi inaingia kwenye mashaka.

Oili ikiwa nyeusi au inanukia kuungua, imwage na kujaza mpya ya aina sahihi. Usikubali mashine ya kuisukuma kwa presha kwenye giaboksi iliyozeeka. Fundi akifungua sahani ya chini, mwambie akuonyeshe sumaku. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha ni mkanda au puli zinazokatika, na oili mpya haitaziponya.

Acha kuendesha gari likikataa kupandisha mwendo huku injini ikilia juu, au likipoteza nguvu ghafla mlimani. Niliwahi kuletewa moja iliyoanza kuteleza Mariakani, mwenyewe akaishindilia hadi Voi "ili tufike tu". Ingevutwa kutoka Mariakani ingetengenezeka.

Taa ya kamera na onyo la kugonga imewaka njano

Mfumo wa usalama ulioingia 2015 unaitwa Toyota Safety Sense C. Una kamera na leza pamoja, ndani ya kisanduku kilichobandikwa sehemu ya juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Si kwenye grili, kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie sensa ya grili. Pia si kila Fielder ya miaka hii inao. Usipokiona kisanduku, huna.

Sababu ya kwanza ni uchafu au ukungu mbele ya kisanduku. Ya pili ni ya kwetu kabisa: stika ya bima imebandikwa palepale inapochungulia kamera. Ibandue. Ya tatu ni tinti ya kioo cha mbele. Ya nne, inayouma, ni kioo kilichobadilishwa. Kioo kikitolewa, kamera lazima ipangwe upya kwa kompyuta na ubao wa kulengea, na gari lililobadilishwa kioo bila hivyo linaweza kuendeshwa mwaka mzima na taa ya njano. Au, vibaya zaidi, bila taa na kamera ikitazama pembeni.

Breki ya kujishika hufanya kazi kati ya takriban kilomita 10 na 80 kwa saa, na onyo la kutoka mstari huanza karibu kilomita 50. Likikunyamazia kwenye barabara isiyo na mistari, halijaharibika, halina cha kusoma. Mimi sikubali mtu aniambie alikuwa anategemea kamera hiyo kwenye barabara ya kwetu yenye bodaboda.

Haibridi: pembetatu nyekundu, feni inavuma, au mafuta yanakwenda sana

Hii ni NKE165 peke yake.

Ikikataa kuwaka, taa hafifu na neno READY halitokei, pima betri ndogo ya volti 12 kwanza. Haibridi haizungushi injini kwa stata, kwa hiyo betri ndogo huchoka bila kukuonyesha dalili, kisha siku moja kila kitu kinakufa. Watu wameambiwa betri kubwa, ile ya mota ya umeme, imekufa kumbe ni hii. Ukiiwasha kwa waya kutoka gari lingine, hakikisha chanya na hasi zisipishane, na usitumie haibridi kumwashia mwenzako.

Feni ikivuma nyuma, mlango wa hewa wa betri kubwa umeziba. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Fielder ni gari la familia na la mzigo, kwa hiyo vumbi la magunia, nywele za mtoto na kanga iliyotupwa pale vyote huishia kwenye kichujio. Ondoa mizigo pale, safisha kichujio kwa hewa ya kupuliza. Kazi hii ya dakika ishirini ndiyo huchelewesha kifo cha betri.

Mistari ya chaji ikipanda haraka na kushuka haraka, injini ikiwaka kila mara, mafuta yakienda: betri kubwa imeanza kuchoka. Ina moduli 20, jumla volti 144, na moduli moja dhaifu huzivuta zingine. Kompyuta ikisema P0A80, hiyo ndiyo habari. Kubadilisha moduli moja huku 19 zimezeeka ni kujinunulia miezi tu. Sema hivyo kwa mteja waziwazi.

Msimbo wa P0A93 ni jambo jingine: inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uende kwenye mota, haipozwi. Ina maji yake na pampu yake ya umeme. Gari likiwa READY, tazama kwenye tangi dogo la inverta. Maji yakiwa yametulia kimya, pampu imekufa. Pampu ni nafuu, inverta si nafuu.

Na dada mmoja wa teksi alinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Kila akivuka Likoni betri ilikuwa chini. Tulipochunguza, kwenye foleni ya feri alikuwa anaweka N, eisi inaendelea. Kwenye N haibridi haichaji betri kubwa. Weka P.

Mwisho wa mkono wako ni waya wa rangi ya machungwa. Volti hizo zinaua, na inverta huzipandisha hadi 520. Hata plagi ya usalama ya betri kubwa ikishatolewa, umeme uliobaki unahitaji angalau dakika kumi kutulia. Fundi asiye na glavu za volti kubwa, mwondolee gari lako.

Taa nyekundu ya joto

Fielder nyingi za hapa hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Huna onyo la katikati. Ikiwaka nyekundu, simama, zima, usifungue rejeta ikiwa moto. Baada ya nusu saa au zaidi angalia maji, kisha uvujaji, kisha kama feni inazunguka ukiwasha eisi. Maji yake ni ya rangi ya waridi. Ya bomba yanaleta kutu. Kukiwa na mapovu yanayotoka mfululizo au oili kama maziwa, ita gari la kuvuta.

Kugonga chini ya gari

Kabla ya kulipia, toa kila kitu buti: jeki na spana zilizolegea kwenye shimo la tairi ya akiba zimeshawapeleka watu wengi gereji. Kisha stebilaiza linki, ndiyo ya kwanza, halafu bushi, halafu kichwa cha shokapu. Boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, ikiwa na mchezo gurudumu likitikiswa, gari lisitoke gereji kwa magurudumu yake. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala.

Mambo madogo yanayoletwa kama magonjwa

Redio haipati stesheni zako? FM ya Japani huanza 76 na kuishia 95, yetu inaanza 87.5 hadi 108. Weka kibadilishi cha masafa au redio nyingine. Navigesheni inadai kadi ya SD kwa Kijapani? Kadi ilibaki Japani, na ramani yake haina Mombasa. Vioo havipandi kwa mguso mmoja baada ya betri kuchomolewa? Pandisha hadi juu, shikilia kitufe sekunde chache, kimoja kimoja.

Na yule mwanamke anayezungumza Kijapani kila unapowasha gari anatoka kwenye kisanduku cha kulipia barabara za kulipia za kwao, anasema kadi haijawekwa. Chomoa waya wake chini ya dashibodi. Mzee mmoja wa Kisauni alikataa nisimchomoe. Alisema amezoea kumwitikia salamu.